Kipimo kimesema si malaria. Sasa mtoto ana nini?

Mzazi yeyote aliyelea mtoto katika ukanda wetu anaijua safari hii. Usiku mtoto anachemka mwili, halali wala halalishi. Asubuhi mnapanda bodaboda hadi zahanati, kidole kinatobolewa, mnakaa kwenye benchi dakika 15 hadi 20 mkisubiri. Kisha mhudumu anatoka na jibu: hana malaria.

Hapo ndipo wengi wetu tunapovurugikiwa. Badala ya kushusha pumzi, tunaona kama tumenyimwa kitu. Malaria tunaijua, dawa yake tunaijua, na siku ya tatu mtoto huwa anacheza. Ukiambiwa si malaria unabaki na homa isiyo na jina. Basi wengine wanaomba wapewe dawa mseto hivyo hivyo. Wengine wanapita duka la dawa la mtaani kuchukua antibiotiki, au dawa ya maumivu yenye nguvu zaidi ya panado. Na jirani hakosi la kusema: "Anayo, ila imejificha."

Makala haya yanahusu homa hiyo isiyo na jina. Si mara zote inaletwa na mbu, lakini mara nyingine huletwa naye, tena si yule mbu wa usiku tunayemwekea chandarua. Kwa homa za namna hiyo, uamuzi wa mzazi siku mbili tatu za mwanzo, kuhusu dawa ipi ampe na lini arudi hospitali, unaweza kuwa na uzito kuliko kitu kingine chochote.

Watafiti walipohesabu, malaria ilikuwa kidogo

Mwaka 2008 watafiti waliwachunguza watoto 1,005 wenye homa waliopelekwa kwenye vituo vya afya Dar es Salaam na Ifakara, mkoani Morogoro. Wote walikuwa chini ya umri wa miaka 10. Hawakuishia kwenye kipimo cha malaria. Kila mtoto alichukuliwa damu na majimaji ya puani na kooni, vikapimwa kutafuta orodha ndefu ya magonjwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la New England Journal of Medicine. Waliokutwa na malaria walikuwa kama mtoto mmoja tu katika kila kumi. Zaidi ya nusu, asilimia 62, walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Na ukijumlisha magonjwa yote yaliyotokana na virusi, watoto saba katika kila kumi walikuwa nayo. Antibiotiki haiui virusi. Dawa mseto nayo haiui virusi.

Utafiti mwingine ulifanyika Moshi, mkoani Kilimanjaro, kati ya 2007 na 2008, ukahusisha watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa sababu ya homa. Katika mafaili, 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Maabara ilipomaliza kazi yake, waliokuwa nayo kweli ni 14. Kati ya wagonjwa 700 waliopimwa chikungunya, 55 walikutwa nayo. Huo ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, na ulikuwa wodini wakati ambapo karibu kila mtu alikuwa akizungumzia malaria.

Tusielewane vibaya. Malaria bado inaua watoto, na kipimo chake ndicho cha kwanza kufanywa mtoto akipata homa. Takwimu hizi hazisemi upuuze malaria. Zinasema kwamba kipimo kikionyesha hakuna, kiamini, kisha muulize mhudumu swali la pili: kama si malaria, tunaangalia nini?

Magonjwa yenye majina ya kwetu

Mtu anaweza kudhani dengue, chikungunya na zika ni magonjwa ya ugenini yaliyoletwa na ndege. Ukifuata majina yenyewe, utajikuta umerudi nyumbani.

Chikungunya ni neno la Kimakonde. Linaeleza hali ya mtu anayejikunja kwa maumivu ya viungo hadi hawezi kusimama wima. Mwaka 1952 ugonjwa huo ulizuka katika vijiji vya Newala na uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania. Madaktari walioandika habari zake, Marion Robinson na W.H.R. Lumsden, walichukua jina walilolikuta kwa wenyeji, na mtaalamu R.W. Ross akafanikiwa kutenga kirusi chenyewe. Leo neno hilo la Newala linatamkwa na madaktari wa India, Brazil na Ufaransa.

Zika ni jina la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda. Mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano waliweka nyani katika msitu huo ili waone mbu wangewaambukiza nini, na katika damu ya nyani mmoja wakakuta kirusi kisichojulikana. Kirusi cha West Nile nacho kilitoka kaskazini mwa Uganda, katika damu ya mwanamke mmoja, mwaka 1937. O'nyong'nyong, homa nyingine ya kuvunja viungo, ilianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959, ikavuka kwenda nchi jirani na kuugua nayo watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya.

Na dengue? Kwa Kiswahili tunaiita kidingapopo, na jina hilo si la jana. Mwaka 1870 Zanzibar ilikumbwa na homa iliyolaza watu kwa maumivu ya viungo. Daktari James Christie, Mskoti aliyekuwa akifanya kazi kisiwani, aliandika kwamba wenyeji waliiita "kidinga pepo", na kwamba wazee waliikumbuka homa ya namna hiyo iliyopita mwaka 1823. Christie aliamini kwamba neno hilo ndilo lililovuka bahari hadi visiwa vya Karibi na kugeuka kuwa dengue. Baadaye wataalamu walipozisoma upya dalili alizozieleza, hasa maumivu ya viungo yaliyokawia kuisha, waliona kuwa huenda homa ile ilikuwa chikungunya. Hata madaktari wa zamani, wakiwa na mgonjwa mbele yao, magonjwa haya mawili yaliwachanganya. Si ajabu yakimchanganya mzazi.

Mbu anayeuma mchana

Malaria huenezwa na anofelesi, anayeuma zaidi usiku. Dengue, chikungunya na zika huenezwa hasa na mbu mwingine, Aedes aegypti. Ni mdogo, mweusi, mwenye madoa na mistari meupe miguuni na mgongoni. Huuma mchana, zaidi asubuhi na alasiri kuelekea jioni. Yaani wakati mtoto yuko shuleni, yuko uani anacheza, au kichanga kimelazwa mkekani sebuleni.

Anofelesi hupenda madimbwi na maji yaliyotuama shambani. Aedes anapenda maji safi yaliyo ndani ya chombo: pipa, ndoo, mtungi, beseni, tairi bovu, kifuu cha nazi, kopo, sahani iliyo chini ya chungu cha maua, chombo cha maji cha kuku. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba Dar es Salaam wakati wa mlipuko wa dengue wa mwaka 2014 walikuta viluwiluwi wake kwenye matairi na vyombo vya plastiki vilivyotupwa, tena wakakuta kirusi cha dengue ndani ya mbu wenyewe.

Jike hataga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yakikauka hayafi. Yanaweza kukaa miezi kadhaa yakisubiri, na mvua ya kwanza au ndoo ya kwanza ya maji ikiyafikia, yanaanguliwa. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku kama saba hadi kumi katika joto letu. Mbu huyu pia si msafiri. Mara nyingi maisha yake yote huishia ndani ya mita mia chache kutoka alipozaliwa, kwa hiyo anayemuuma mwanao huenda alizaliwa uani kwako, au kwa jirani wa pili.

Ilikuwaje akatuzoea hivi? Jibu moja limetoka Rabai, karibu na Mombasa. Huko watafiti walikuta aina mbili za Aedes aegypti zikiishi karibu karibu. Mmoja aliishi msituni, akizaa kwenye mashimo ya miti na kuuma wanyama. Mwingine aliishi ndani ya nyumba, akizaa kwenye mitungi ya maji na kuuma watu. Timu ya Chuo Kikuu cha Rockefeller, ikiongozwa na Lindy McBride, ilieleza mwaka 2014 kwamba mbu wa nyumbani ana kinasaba cha kunusa kilicho hodari zaidi kutambua harufu ya mwili wa binadamu. Mwaka 2020 watafiti walilinganisha mbu wa maeneo mengi ya Afrika. Wanaotupenda zaidi walitoka kwenye miji iliyosongamana na kwenye maeneo yenye kiangazi kirefu na kikali. Mahali ambapo hakuna maji miezi mingi, maji pekee ni yale ambayo binadamu ameyaweka nyumbani, na mbu aliyajua hayo muda mrefu uliopita.

Ukame nao huleta mbu

Tumezoea kuhusisha mbu na masika. Kwa mbu wa kwenye ndoo hesabu hiyo haitoshi.

Katikati ya mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu, pwani ya Kenya, wakati wa ukame. Visima vilipungua, watu wakajaza maji kwenye kila chombo walichokuwa nacho, na vyombo hivyo havikumwagwa kwa siku nyingi. Watafiti walipopima damu za wakazi walikuta watu watatu katika kila wanne walikuwa wameshaambukizwa, makadirio yakiwa watu 13,500. Kutoka Lamu ugonjwa ulifika Mombasa, ukaenda Komoro, kisha kisiwa cha Réunion, ambako mwaka 2005 na 2006 waliugua watu kama 266,000, karibu theluthi moja ya wakazi wote. Baadaye ukaingia India.

Mama anayeishi mtaa wenye mgao wa maji anaweza kujiona katika habari hiyo. Siku mbili bomba linatoka, siku tano halitoki. Hawezi kuambiwa asihifadhi maji. Anachoweza kuambiwa ni namna ya kuyafunika, na hilo tutalirudia mwishoni.

Kwa nini dengue ya pili ni ya kuogopwa

Dar es Salaam iliijua dengue vizuri mwaka 2014, wagonjwa zaidi ya 1,000 walipothibitishwa. Mwaka 2019 ilirudi kwa nguvu zaidi. Waliothibitishwa walipita 6,000, wengi wao wakiwa Dar es Salaam na wengine Tanga na mikoa mingine. Hao ni waliopimwa tu. Kwa kawaida, kati ya watu wanne wanaoambukizwa dengue, ni kama mmoja tu anayeugua kiasi cha kujitambua. Wengine hupita na virusi mwilini bila kujua.

Kuna aina nne za kirusi cha dengue. Ukiugua aina moja, mwili unapata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo, lakini si dhidi ya zile tatu. Tatizo linakuja aina nyingine inapoingia baadaye. Askari wa mwili waliotengenezwa kwa ajili ya ile ya kwanza huikamata hii mpya bila kuimaliza, na badala ya kuizuia huisaidia kuingia kwenye chembe hai za mwili. Ndiyo maana dengue kali huonekana zaidi kwa mtu anayeugua mara ya pili. Mji ambao umepitiwa na milipuko kadhaa, kwa hiyo, una watoto na wazazi wengi ambao maambukizi yao yajayo yatakuwa ya pili.

Habari njema ni kwamba dengue kali ikigunduliwa mapema na mgonjwa akapewa maji ya kutosha hospitalini, vifo huwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Hakuna dawa ya kuua kirusi. Kinachookoa ni maji, uangalizi na kujua siku ya hatari.

Dawa ipi, na siku ipi ya kuogopa

Dengue huanza ghafla: homa kali, kichwa kuuma, macho kuuma kwa nyuma, mwili mzima kuchoka, wakati mwingine kichefuchefu na vipele. Chikungunya nayo ina homa, lakini maumivu ya viungo ndiyo yanayotawala, na yanaweza kubaki wiki au miezi baada ya homa kwisha. Kwa mtoto mdogo asiyeweza kueleza panapouma, utaona tu analia ukimbeba au anakataa kutembea.

Kwa homa na maumivu, mpe paracetamol kwa kipimo cha kilo zake kama mhudumu alivyokuelekeza, na usizidishe kwa kuwa homa imekawia kushuka. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, iwe kidonge, dawa ya maji au sindano, hadi mtaalamu athibitishe kuwa si dengue. Dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu, na dengue yenyewe tayari inashusha chembe zinazogandisha damu. Hili ndilo kosa linalofanyika zaidi katika maduka ya dawa, kwa nia njema kabisa, kwa sababu mteja amesema panado haijasaidia. Ukienda dukani, soma jina la dawa kwenye paketi, au mwombe muuzaji akusomee kilichomo ndani.

Mpe maji kidogo kidogo mchana kutwa: maji ya kunywa, uji mwepesi, madafu, juisi, ORS. Angalia anakojoa mara ngapi. Kama ni mtoto wa nepi, hesabu nepi zilizoloa.

Sasa jambo la kukumbuka kuliko yote. Katika magonjwa mengi, homa ikishuka mzazi anapumua na kurudi kwenye shughuli zake. Katika dengue, homa ikishuka ndipo siku za hatari zinapoanza. Kati ya siku ya tatu na ya saba tangu homa ianze, mishipa midogo ya damu inaweza kuanza kuvuja maji. Mwili wa mtoto si wa moto tena, lakini damu yake inapungukiwa na maji na shinikizo linaporomoka. Mzazi asiyejua hili humwacha mtoto alale akidhani anapata nafuu.

Katika siku hizo, mrudishe hospitali haraka, hata usiku, ukiona mojawapo ya haya:

• Maumivu makali ya tumbo yasiyoisha.
• Kutapika mara kwa mara, hata maji hayakai.
• Damu puani au kwenye fizi, damu kwenye matapishi, au choo cheusi.
• Mikono na miguu kuwa ya baridi na yenye jasho huku ngozi ikipauka.
• Kulegea kupita kawaida, usingizi usioamshika, au kuhangaika bila kutulia.
• Kupumua harakaharaka.
• Kutokojoa kwa saa nyingi.

Andika siku homa ilipoanza kwenye daftari la kliniki au kwenye simu. Swali la kwanza la daktari litakuwa hilo, na kipimo atakachochagua kinategemea jibu lako. Kuna kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe katika siku tano hivi za mwanzo, na kingine kinachotafuta kinga ya mwili baada ya hapo. Ukisema "juzi juzi tu", unaweza kupimwa kipimo kisicho na jibu.

Jambo lingine ambalo familia nyingi hulisahau: mgonjwa wa dengue au chikungunya alale ndani ya chandarua hata mchana, wiki yote ya kwanza. Si kwa ajili yake tu. Mbu akimuuma mgonjwa akiwa na homa, hubeba kirusi na baada ya siku kadhaa anaweza kuwapa walio nyumba hiyohiyo.

Mjamzito na kichanga

Zika ilikaa miaka mingi bila kushtua mtu, kwa kuwa homa yake ni nyepesi. Mwaka 2015 madaktari wa kaskazini mashariki mwa Brazil walianza kupokea watoto wengi waliozaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi, na ikathibitika baadaye kuwa kirusi cha zika kilikuwa kimewadhuru tumboni. Mwezi Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali hiyo kuwa dharura ya kimataifa.

Chikungunya ina hatari yake, nayo iko kwenye siku za kujifungua. Wakati wa mlipuko wa Réunion, madaktari waliwafuatilia akina mama 39 waliojifungua wakiwa na kirusi kwenye damu. Watoto 19 waliambukizwa, na wengi wao waliugua sana. Mjamzito mwenye homa, basi, asijitibu nyumbani. Amweleze mkunga siku homa ilipoanza, na ahudhurie kliniki hata kama homa imeshapita.

Kwa familia zenye mifugo kuna tahadhari moja zaidi. Homa ya Bonde la Ufa huja baada ya mvua kubwa na mafuriko, na mbali na mbu, huambukiza kupitia damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Katika mlipuko wa 2006 na 2007 iliua watu zaidi ya 100 Tanzania peke yake. Mbuzi na ng'ombe wakianza kutupa mimba kwa wingi, toa taarifa kwa ofisa mifugo, usimruhusu mtoto ashike mnyama aliyekufa, na maziwa yachemshwe.

Chanjo iko wapi?

Homa ya manjano ina chanjo nzuri tangu miaka ya 1930, na kwa wengi dozi moja hulinda maisha yote. Dengue imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu ileile ya aina nne. Ufilipino ilianza mwaka 2016 kuwachanja wanafunzi kwa chanjo ya kwanza ya dengue. Watoto zaidi ya 800,000 walikuwa wamechanjwa ilipofika mwisho wa 2017, kampuni iliyoitengeneza ilipotangaza kuwa mtoto ambaye hajawahi kuugua dengue, akichanjwa, anaweza kuugua vibaya zaidi atakapoambukizwa baadaye. Mpango ukasimamishwa. Wazazi wa huko walipoteza imani hata kwa chanjo nyingine, ikiwemo ya surua.

Chanjo ya pili, Qdenga, ilipata ithibati ya Shirika la Afya Duniani mwezi Mei 2024. Shirika linaipendekeza kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 katika maeneo ambako dengue ni nyingi sana, dozi mbili zikiachana miezi mitatu. Haimo kwenye ratiba ya kawaida ya chanjo za watoto wetu. Anayekuuzia "chanjo ya dengue" mtaani muulize karatasi zake.

Njia nyingine inamlenga mbu mwenyewe. Katika jiji la Yogyakarta, Indonesia, watafiti waliwaachia mbu wa Aedes waliopandikizwa bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye yumo kiasili katika wadudu wengi na hamdhuru binadamu. Mbu mwenye bakteria huyo hushindwa kukuza kirusi vizuri, na humrithisha uzao wake. Jiji liligawanywa maeneo 24, 12 yakapata mbu hao. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha dengue ilipungua kwa asilimia 77 katika maeneo hayo, na waliolazwa walipungua kwa asilimia 86. Ni matokeo makubwa. Lakini kazi hiyo hufanywa na serikali na taasisi, na mzazi hawezi kuianza uani kwake.

Dakika kumi za kila Jumamosi

Anachoweza mzazi ni kuvunja ule mzunguko wa siku saba hadi kumi. Chagua siku moja ya wiki, mkamalize kazi hii pamoja na watoto. Watoto wa shule ya msingi wana macho makali kuliko yetu katika kutafuta viluwiluwi.

• Mwaga maji yote yasiyo ya lazima: makopo, vifuu, sahani za maua, trei ya nyuma ya friji, matairi. Tairi lisilo na kazi liondoke, au litobolewe lisishike maji.

• Pipa na ndoo za akiba, sugua kuta za ndani kwa brashi kabla ya kujaza upya. Kumwaga peke yake hakutoshi, maana mayai hubaki yamegandama ukutani.

• Funika mapipa na matangi yasiache upenyo. Kama mfuniko umevunjika, funga kitambaa kizito au kipande cha chandarua cha zamani kwa mpira, kikazwe.

• Zibua mifereji ya paa iliyojaa majani.

• Kichanga anayelala mchana, mlaze ndani ya chandarua. Wanaokwenda shule wavae nguo za kufunika mikono na miguu inapowezekana. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu isomwe kwanza umri wa mtoto anayeruhusiwa kuitumia.

Mtaa ukipuliziwa dawa ya moshi msibweteke. Moshi huua mbu wanaoruka saa hiyo. Mayai na viluwiluwi walio ndani ya vyombo hawaguswi, na wiki moja baadaye mbu wapya watakuwa hewani.

Na kwa kuwa mbu huyu haendi mbali, zungumza na majirani. Pipa lako likiwa safi na la jirani likiwa wazi, watoto wenu wote wataumwa. Mkikutana kwenye kikao cha mtaa au kikundi cha kina mama, pendekezeni siku moja ya usafi ya pamoja. Mjumbe na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni watu wa kuanza nao.

Mtoto akipata homa kabla ya hapo, anza na kipimo cha malaria. Kikisema hana, usidai dawa mseto. Uliza kuhusu dengue na chikungunya, mpe paracetamol na maji, andika tarehe, na homa ikishuka endelea kumwangalia kwa karibu hadi siku ya saba ipite.